Usihesabu Mashimo, Hesabu Miti Iliyo Hai

Mimi ni karani wa parokia, na kazi yangu ni kuandika. Naandika watoto waliobatizwa, watu waliofunga ndoa, marehemu waliozikwa, fedha zilizoingia na fedha zilizotoka. Katika kabati la ofisi yetu limo pia daftari moja jekundu ambalo juu yake pameandikwa neno moja tu: Miti. Kila mwaka, siku ya kupanda miti, mimi husimama kando ya gari lililoleta miche na kuandika kila kikundi kimechukua miche mingapi. Akina mama wangapi, vijana wangapi, wanafunzi wangapi, jumuiya kwa jumuiya. Jioni najumlisha, mwenyekiti anasoma hesabu mbele ya watu, watu wanapiga makofi, nasi twaenda zetu nyumbani kwa furaha.

Mwaka juzi, nilipokuwa katika kazi hiyo, bibi mmoja mzee alikuja akasimama karibu nami, ameegemea mkongojo wake.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Unaandika nini?"

"Naandika miche inayopandwa leo, bibi."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na ile ya mwaka jana, umeiandika wapi?"

Nikafunua kurasa za nyuma nikamwonyesha kwa kidole. "Hii hapa. Miche 1,200."

Bibi akacheka kwa upole. "Sivyo, mjukuu wangu. Hiyo ndiyo mliyopanda. Mimi nauliza ile iliyopo."

Sikuwa na jibu. Basi Jumatatu yake nilichukua daftari, nikamwomba katekista mmoja anisindikize, tukaenda kuhesabu. Tulipita shamba la parokia, tukazunguka uwanja wa shule, tukapanda kilima kilicho nyuma ya makaburi. Tulikuta mashimo. Tulikuta vifuko vyeusi vya plastiki vimetupwa. Tulikuta vijiti vikavu vimesimama kama njiti za kiberiti. Miti iliyo hai haikutuchukua muda mrefu kuihesabu, maana ilikuwa 38. Mingine ililiwa na mbuzi, mingine ilikosa maji, na mingine ilifyekwa pamoja na majani siku wanafunzi walipotumwa kusafisha uwanja.

Sisemi haya ili kumlaumu mtu. Mkono ulioandika 1,200 ni wangu mimi mwenyewe. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuuliza habari za watu waliofaulu kurudisha miti katika nchi yao, na nimeona kwamba wote walijifunza jambo moja, tena wengi wao walijifunza kwa hasara. Kupanda ni kazi ya siku moja. Kulinda ni kazi ya miaka. Na mahali pengi, kulinda peke yake kumezaa miti mingi kuliko kupanda.

HESABU YA SIKU YA KWANZA

Siku hizi mataifa yanashindana katika kupanda. Tarehe 29 Julai 2019 serikali ya Ethiopia ilitangaza kwamba watu wake wamepanda miche zaidi ya milioni 350 kwa siku moja. Ni jambo kubwa watu wa nchi nzima kushika majembe pamoja, wala mimi silidharau. Lakini hesabu ya siku ya kwanza ni hesabu ya miche iliyotiwa ardhini, nayo haiwezi kutuambia ni mingapi itakayokuwa miti. Jibu la swali hilo hutolewa na kiangazi cha kwanza, na cha pili, na cha tatu.

Mama Wangari Maathai wa Kenya alilijua jambo hili mapema. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na huo ndio mwanzo wa kazi yake inayojulikana duniani. Hata hiyo miti saba si yote iliyopona. Basi alipokwenda kwa akina mama wa vijijini na kuwafundisha kuotesha miche, aliweka utaratibu mmoja wa busara. Mama alipewa fedha kidogo kwa kila mche, lakini alipewa baada ya mche kupona, si siku ya kuupanda. Fedha zenyewe zilikuwa senti chache tu, lakini mama aliyejua kwamba atalipwa mche ukiwa hai aliubebea maji na kuuzungushia miiba. Alipopewa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2004, miti iliyopandwa na akina mama hao ilihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 30. Wataalamu wengine walikuwa wamedhani kwamba kazi ya misitu yataka watu wenye vyeti. Yeye aliwaita akina mama wale mabwana misitu wasio na vyeti.

Lakini habari ninayotaka kuwaeleza hasa ni ya hapa kwetu Tanzania, nayo ni habari ya Shinyanga.

NCHI ILIYOFYEKWA

Shinyanga ni nchi ya Wasukuma, watu wa ng'ombe na jembe. Mvua yake si nyingi. Katika sehemu kubwa ni kama milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, tena huja kwa miezi michache na kisha jua hutawala. Hata hivyo zamani nchi hiyo ilikuwa na pori la migunga na miti mingine, na upande wa Kahama lilikuwako pori la miombo.

Pori lile liliondokaje? Halikuondoka kwa sababu moja. Kwanza palikuwa na mbung'o, mdudu aletaye ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliwaongoza watu kufyeka pori ili mbung'o wakose kivuli cha kukaa. Walifyeka maeneo makubwa sana. Ng'ombe wakapona, wakaongezeka. Kisha likaja zao la pamba, na kila aliyetaka kupanua shamba la pamba aling'oa miti. Kisha katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa katika vijiji vikubwa, wakaacha maboma yao ya zamani na sehemu za malisho walizokuwa wamezitunza tangu enzi za babu zao. Watu wengi na mifugo mingi walikusanyika mahali pamoja, na kuni za wote zilitoka katika pori lile lile la karibu.

Hata kufikia miaka ya 1980 sehemu nyingi za mkoa zilikuwa wazi kama sakafu. Upepo ulichukua udongo, na mvua iliponyesha ilichimba makorongo. Akina mama walikwenda mwendo mrefu kutafuta kuni, na walipozikosa walipika kwa mabua ya pamba na kwa samadi kavu ya ng'ombe, samadi ambayo ingalifaa kurutubisha shamba. Shinyanga ikaanza kuitwa jangwa la Tanzania.

MICHE YA SERIKALI

Mwalimu Julius Nyerere alipoutembelea mkoa ule katika miaka hiyo ya 1980 alisikitishwa na aliyoyaona. Basi mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango uitwao Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI. Mpango ule ulisaidiwa na serikali ya Norway, na baadaye wataalamu wa utafiti wa kilimo cha miti walishirikiana nao, hata ulipofikia mwisho wake mwaka 2004.

Je, HASHI walianza kwa kufanya nini? Walianza kama sisi sote tunavyoanza. Walitengeneza vitalu vikubwa, wakaotesha miche, wakaigawa. Miche mingi ilikuwa ya miti ya kigeni ikuayo upesi. Ilisafirishwa kwa magari kutoka kitalu kikubwa mpaka vijijini, barabara mbovu, jua kali, na ilipofika ilikuwa imekwisha choka. Mkulima aliyepewa miche asiyoichagua, ya mti asioujua matumizi yake, hakuwa na sababu ya kuibebea maji wakati hata maji ya kupikia yalikuwa taabu.

Sifa ya watu wa HASHI ni kwamba hawakuendelea kuandika hesabu za miche na kupiga makofi. Walikaa chini na wenyeji, wakawauliza: ninyi ni miti gani mnaitaka? Zamani mlitunzaje malisho yenu? Wakasaidia vitalu vidogo vya vijiji, vya shule na vya watu binafsi, ambavyo miche yake haikusafiri mbali. Na juu ya yote wakasikia neno moja la Kisukuma ambalo lilibadili kazi yao yote. Neno hilo ni ngitili.

NGITILI NI NINI?

Ngitili ni sehemu ya malisho iliyofungwa. Mwanzo wa mvua, mwezi wa Novemba au Desemba, mwenye ngitili huacha kuingiza mifugo katika sehemu ile. Majani huota na kurefuka bila kuliwa. Mvua zikiisha, majani yale hukauka yakiwa yamesimama, kama nyasi zilizowekwa ghalani, ila ghala lenyewe ni uwanda. Kisha kiangazi kikipamba moto, kuanzia mwezi wa Julai au Agosti, wakati malisho ya nje yamekwisha, ngitili hufunguliwa. Kwa desturi hawaingizwi ng'ombe wote mara moja. Huanza ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, wagonjwa, na maksai watakaolima mvua zikirudi.

Hii ilikuwa akili ya wazee, wala hawakufundishwa na mtaalamu yeyote. Haikuhitaji seng'enge wala fedha. Kila mtu alijua mipaka, na kila mtu aliiheshimu. Lakini katika msukosuko wa kuhama na kufyeka desturi hii ilikuwa imefifia sana. Mwaka 1986, katika mkoa mzima, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu.

Sasa angalieni jambo lililotokea. Sehemu ikifungwa wakati wa mvua ili majani yaote, miti nayo huota. Hapana mtu aliyepanda miti hiyo. Ilikuwamo humo humo ardhini.

KISIKI SI MAITI

Ndugu msomaji, jambo hili ni vizuri tulielewe sawasawa, maana ndipo penye siri yote.

Miti mingi ya nchi kavu, ukiikata, haifi. Shina limeondoka, lakini mizizi ingali hai chini ya udongo, na mizizi hiyo ni mirefu, imekwisha yafikia maji ambayo mche mdogo hauwezi kuyafikia. Kila mvua zikinyesha kisiki hutoa machipukizi. Mbona basi hatuyaoni yakikua? Kwa sababu kila mwaka mbuzi huyala, ng'ombe huyakanyaga, jembe huyakata, na moto wa kiangazi huyaunguza. Mwaka wa pili kisiki hujaribu tena, nasi twayaharibu tena. Twapita juu ya msitu kila siku, nasi twadhani ni vichaka visivyo na maana.

Mche uliotoka kitaluni huanza kutoka mwanzo, na mzizi wake ni mfupi kama kidole. Chipukizi la kisiki lina mzizi wa mti mzima. Ndiyo maana ukililinda kwa miaka miwili mitatu tu hukupita kimo, wakati mche ungali unahangaika na kiu.

Shinyanga walifunga sehemu zao, na migunga ikarudi, na mikwaju, na miti ya dawa ambayo vijana hawakuwahi kuiona. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 2000, ngitili zilikuwa zimeenea katika vijiji zaidi ya 800, na ukubwa wake pamoja ulikuwa zaidi ya hekta 300,000. Linganisheni na zile hekta 600. Nyingine zilikuwa za familia moja moja, hekta chache tu nyuma ya boma. Nyingine zilikuwa za kijiji, za shule, za vikundi na za makanisa.

(Mkoa wa Shinyanga wa siku hizo ulikuwa mkubwa kuliko wa leo. Tangu mwaka 2012 Maswa, Meatu na Bariadi zimo katika mkoa wa Simiyu, na Bukombe imo katika mkoa wa Geita.)

NI NANI ALIYELINDA?

Hapa ndipo panapofaa tusimame kidogo. Tanzania ilikuwa imekwisha jaribu njia nyingine. Mwaka 1973 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uitwao HADO. Huko Kondoa udongo ulikuwa umeharibika vibaya sana, basi mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote itolewe katika eneo lililoharibika. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wote walitoka. Kweli majani na miti ilirudi, na mtu akienda huko huona. Lakini fikirini nyumba ya mfugaji iliyoamka siku moja haina maziwa wala samadi wala maksai. Nchi ilipona, lakini waliolipa gharama yake ni watu wenye mifugo ile.

Shinyanga hawakuamriwa kuondoa ng'ombe. Ngitili yenyewe ni kwa ajili ya ng'ombe. Mfugaji aliyefunga sehemu yake alijua kwamba mwezi wa Septemba, wakati ng'ombe wa jirani wanakonda, wake watakula. Hivyo alilinda mwenyewe, bila kulindiwa.

Na aliyevunja mpaka? Wasukuma wana mkutano wao wa jadi uitwao dagashida, ambao watu wa kijiji hukaa na kupatana sheria zao. Humo waliamua ngitili zifungwe lini, zifunguliwe lini, na atakayeingiza mifugo kwa siri au kukata mti atozwe nini. Sungusungu, lile jeshi la jadi lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kupambana na wezi wa ng'ombe, wakashika pia kazi ya kulinda malisho. Tena serikali za vijiji zikaandika sheria ndogo. Mtu aliyekamatwa hakupelekwa mbele ya hakimu asiyemjua. Alisimama mbele ya shemeji zake na majirani zake, na wengi wetu twajua kwamba aibu hiyo ni nzito kuliko faini.

FAIDA ILIYOONEKANA

Wataalamu waliokwenda kuchunguza walitoa taarifa yao mwaka 2005. Waliona katika ngitili aina zaidi ya 150 za miti na mimea mingine, na ndege wa aina zaidi ya 140 katika nchi iliyokuwa imeitwa jangwa. Walihesabu pia vitu ambavyo watu huvipata humo: kuni, nguzo, majani ya kuezekea, malisho, asali, matunda, mboga za porini, uyoga na dawa. Wakavigeuza kuwa fedha, wakaona kwamba faida yake ni kama dola 14 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi. Wakati huo matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa wastani wa dola 8 na nusu kwa mwezi.

Lakini faida inayonigusa mimi zaidi ni ya miguu ya akina mama. Taarifa ilisema kwamba kuni na maji vilipokaribia, mama alipunguziwa saa kadhaa za kutembea. Ninyi akina baba mnaosoma gazeti hili jioni, waulizeni wake zenu na binti zenu wanakwenda umbali gani kutafuta kuni, na wanaondoka saa ngapi. Binti anayekwenda kuni asubuhi hafiki shule kengele ya kwanza ikilia.

YASIYOKUWA MAZURI

Sitaki mdhani kwamba kila kitu kilikuwa asali. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi alipata ngitili kubwa. Maskini asiye na ardhi alikuta sehemu aliyozoea kuchunga bure imefungwa, na majani yake yanauzwa. Mahali pengine viongozi wa kijiji waliigeuza ngitili ya wote kuwa kama mali yao. Watu wanazidi kuongezeka, mashamba yanahitajika, mkaa una soko, na tumbaku yahitaji kuni nyingi za kukaushia. Ngitili iliyolindwa miaka 20 yaweza kuisha kwa wiki mbili kukiwa na mashoka na lori.

Kwa hiyo wale waliofaulu zaidi ni wale walioandika mambo yao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia chenyewe. Lakini sharti mkutano mkuu wa kijiji ukubali, mipaka ionyeshwe wazi, na maskini wapewe nafasi yao ya kusema kabla ya kufunga, si baada ya kufunga.

WENGINE WALIOGUNDUA JAMBO HILI

Shinyanga si peke yao. Huko Niger, nchi iliyo kando ya jangwa la Sahara, Bwana Tony Rinaudo, mmisionari kutoka Australia, alikuwa akipanda miti katika eneo la Maradi, na karibu yote ilikuwa ikifa. Mwaka 1983, alipokuwa amesimamisha gari lake njiani, alitazama kichaka kimoja, akayaona majani yake, akatambua kwamba si kichaka bali ni mti uliokatwa unaojaribu kuota tena. Na uwanda wote ulikuwa umejaa vichaka vya namna hiyo! Akaacha kutegemea miche, akaanza kuwafundisha wakulima kuchagua machipukizi na kuyalinda. Kulikuwa na kikwazo, maana siku zile mti ulihesabiwa kuwa mali ya serikali, na mkulima hulinda kilicho chake. Polepole wakulima waliachiwa kuitumia miti ya mashambani mwao, na mkulima mmoja akamwiga mwingine. Baada ya miaka kama 20 wachunguzi walikadiria kwamba hekta zipatazo milioni 5 zimerudiwa na miti nchini Niger, miti kama milioni 200, bila kupandwa.

Njia hiyo imefika Dodoma pia, na huko imepewa jina zuri la Kiswahili: Kisiki Hai.

NASI TUFANYEJE?

Basi yafaa tuanze na yaliyo karibu nasi.

Kwanza, kabla ya kuagiza miche, tembea shambani mwako baada ya mvua za kwanza, ukatafute visiki vinavyochipua. Waulize wazee majina yake. Utashangaa.

Pili, katika kila kisiki chagua machipukizi matatu mpaka matano yaliyonyooka na yenye nguvu. Mengine yaondoe kwa kisu au panga kali, pasipo kuchana gome. Kisha pogoa vijitawi vya chini vya yale uliyoyaacha, mpaka nusu ya kimo. Vijiti ulivyokata si uchafu, bali ni kuni za kwanza.

Tatu, funga kitambaa katika shina ulilolichagua. Mchungaji, mwanafunzi au mkata majani akikiona atajua kwamba mti huo una mwenyewe.

Nne, linda na mbuzi na moto. Rudi kila mwaka ukapogoe tena na kupunguza machipukizi. Kwa njia hii utavuna kuni huku mti ukiendelea kusimama.

Tano, mahali pasipo na kisiki hata kimoja, hapo panda. Lakini chimba mashimo mapema, panda mvua zikiwa zimeshika, toa kifuko cha plastiki, zungushia miiba, funika udongo kwa majani makavu, na umtaje kwa jina mtu atakayeutunza kila mche. Tena usipande mikaratusi karibu na chemchemi, maana hunywa maji mengi.

Mwaka huu katika parokia yetu tumekubaliana hivi. Kila jumuiya imechukua miche michache tu, ile inayoweza kuitunza, na kila mche una mwenyewe. Kilima kilicho nyuma ya makaburi tumekifunga. Haikuwa kazi rahisi, maana wako jirani zetu waliokuwa wakichunga mbuzi huko, nasi ilitubidi kukaa nao mara tatu kabla ya kupatana. Sasa wanaruhusiwa kukata majani na kuyabeba kwa mikono, na kiangazi kikizidi watafunguliwa sehemu ya chini. Huko juu tumehesabu visiki 214 vinavyochipua. Miaka yote hiyo tulikuwa tukichimba mashimo katikati yake.

Nilikwenda kumwarifu yule bibi. Aliniuliza tu, "Na mbuzi?" Nikamweleza tulivyopatana. Akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Haya. Uje uniambie tena baada ya kiangazi."

Katika lile daftari jekundu nimepiga mistari mipya kwa rula. Zamani palikuwa na safu moja: iliyopandwa. Sasa ziko tatu: iliyopandwa, visiki vilivyochaguliwa, na iliyo hai baada ya kiangazi. Hesabu ya safu ya tatu ndiyo mwenyekiti atakayoisoma mbele ya watu. Pengine mwaka wa kwanza itakuwa ndogo, nasi hatutapata makofi mengi. Ninyi nanyi huko mliko, makarani, walimu, makatekista na wenyeviti wa vijiji, chukueni daftari zenu mkapige safu hiyo. Kisha mwende mkahesabu kwa miguu yenu, wala msione haya kuiandika mkiikuta ni ndogo.